Krenki ya Kushoto

Aliyepanda baiskeli ya mizigo kwa muda wa kutosha anaijua sauti ile. Ni kugonga kwa "ko", mara moja katika kila mzunguko wa pedeli, tena huanza kwa upole kiasi kwamba mpandaji hudhani ni goroli iliyopasuka au mnyororo uliolegea. Siku ya pili sauti huja na hisia: mguu unashuka, na kabla baiskeli haijavutika panakuwa na nafasi ndogo tupu, kama mtu anayekanyaga ngazi iliyo chini kidogo kuliko alivyotarajia. Siku ya tatu krenki inacheza waziwazi, hata mtoto anaweza kuitikisa kwa mkono. Watu wengi hungoja siku hiyo ya tatu, nami siwalaumu, maana kwa fundi hakuendwi bure na maziwa hayasubiri.

Kwa kuwa vijana wengi wa leo wanaijua pikipiki kuliko baiskeli, niseme kwanza kitu chenyewe ni nini. Krenki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedeli. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, na kati yake imepita ekseli ndani ya bomba lenye goroli. Katika baiskeli zetu kubwa za inchi 28, ziwe Raleigh za Nottingham, Hero za Ludhiana au Phoenix za Shanghai, krenki hushikamanishwa na ekseli kwa kotapini. Kotapini ni kipande cha chuma kisichozidi unene wa kidole cha mwisho. Upande mmoja wa ubavu wake umechongwa bapa, tena bapa la kuteremka, na ncha yake moja ina hesi za kufungia nati. Ekseli nayo imekatwa bapa mahali pamoja. Kotapini ikipigwa ndani, mabapa hayo mawili hukutana na kukabana, na krenki haina tena pa kuzunguka isipokuwa pamoja na ekseli.

Kwa neno moja, kotapini ni kabari. Nimelitaja neno hilo mapema kwa sababu habari yote iliyobaki imo ndani yake.

Baiskeli ninayoisimulia ni Phoenix ya mpwa wangu. Kijiji chetu kiko kama kilomita 14 kutoka mjini Shinyanga, na kila alfajiri kijana huyo hubeba madumu 2 ya maziwa, lita 20 kila upande, akawapelekea wateja wake mjini kabla jua halijawa kali. Maziwa si mzigo kama mkaa. Mkaa ukichelewa saa mbili unabaki kuwa mkaa. Maziwa yakichelewa saa mbili wakati wa Oktoba yanaweza kuwa mgando usio na mnunuzi. Mwaka 2022, katika muda wa wiki sita, krenki ya kushoto ilimlegea mara tatu. Mara ya tatu ilizunguka yenyewe akiwa amesimama juu ya pedeli katika kupanda tuta la reli, mguu ukakanyaga hewa, akaanguka upande wa kushoto na dumu moja likapasuka. Goti lilipona. Lakini mwenye hoteli aliyekuwa akichukua nusu ya maziwa yale alimwambia kwamba kwa juma lile atanunua kwingine, kisha wataona.

Hapo ndipo lilipokuja shauri la pikipiki. Mtu mmoja mjini alikuwa tayari kumpa pikipiki kwa mkataba, yaani aendeshe na kumpelekea mwenye mali fedha kila siku kwa muda waliokubaliana, kisha pikipiki iwe yake. Mpwa wangu alikwisha kupiga hesabu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, naye alikwisha kupiga hesabu ya aina nyingine, ya vijana wa tarafa yetu wanaolala wodini na vyuma miguuni. Akaniita. "Mwambie mwanao," alisema, kama ilivyo desturi kwamba mtoto akiwa mzuri ni wa mama, na likiwapo neno gumu la kusema huwa wa mjomba.

Sikumwambia aiache pikipiki. Nilimwambia tujue kwanza kwa nini chuma kile kinalegea, maana mtu akikimbia deni dogo kwa kuingia deni kubwa, bora awe amelijua lile dogo.

Katika wiki zile sita baiskeli ilikuwa imepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alikaza nati. Hii ndiyo tiba ya kwanza kila mahali, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua krenki nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nati ya kotapini haikuwekwa pale ili kuvuta. Kazi yake ni kuzuia kotapini isirudi nyuma ikishakaa. Ni mlinzi wa mlango, si mbeba mzigo. Hesi zile ni nyembamba, na fundi mwenye spana ndefu akizilazimisha kuvuta kabari, huziparuza au hukata ncha yote. Wa pili alitia kotapini mpya, akaigonga mara mbili tatu, akakaza nati, akapokea fedha yake. Ilikaa siku tisa. Wa tatu alikata kipande cha kopo la bati, akakizungushia kotapini ili ijae. Mpwa wangu alifurahi sana siku ile, kwa kuwa krenki ilikuwa kimya kabisa. Bati ni laini, nalo lilichukua siku nne tu kukunjamana na kutafunwa. Tuta la reli lilikuwa siku ya tano.

Ili msomaji asidhani kwamba mafundi wale walikuwa wazembe tu, tutazame kazi inayodaiwa na kijipini kile. Urefu wa krenki, kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye pedeli, ni kama sentimita 17. Ekseli unene wake haufiki sentimita 2, yaani kutoka katikati hadi ubavuni ni chini ya sentimita 1. Basi mtu mwenye kilo 60 akisimama juu ya pedeli iliyo mbele, nguvu inayofika kwenye ubavu wa ekseli ni zaidi ya mara 17 ya uzito wake, nayo hupita tani moja. Na si mara moja. Mzunguko mmoja wa pedeli husogeza baiskeli ya namna ile kama mita 5, kwa hiyo kilomita 14 ni mizunguko 2,800 hivi, kwenda tu. Nafasi yoyote, hata iwe nyembamba kama karatasi, hupigwa nyundo mara zote hizo. Haiwezi kubaki karatasi.

Fundi wa nne ni mzee anayefanya kazi chini ya mkwaju, nje kidogo ya soko, mahali ambapo zamani paliegeshwa baiskeli nyingi na leo paliegeshwa pikipiki. Jiliwa lake limefungwa kwenye gogo. Tulifika asubuhi, tukaamkiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akatuuliza habari za mvua kama vile hakuiona baiskeli. Kisha akaigeuza, akashika krenki zote mbili, akaitikisa ile ya kushoto huku ameibana ya kulia. Alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: kabla ya kugusa spana alitaka kujua ni kipi hasa kinachocheza. Maana "ko" ile ile yaweza kutoka kwenye pedeli iliyolegea katika tundu lake, au kwenye goroli za ekseli, au kwenye kotapini ya upande wa pili. Krenki zote mbili zikicheza pamoja kwenda ubavuni, ugonjwa uko kwenye goroli. Moja ikizunguka kidogo wakati mwenzake imetulia, ugonjwa uko kwenye kotapini. Yetu ilizunguka.

Akalegeza nati bila kuitoa yote, akaiacha sawa na ncha ili nyundo isiharibu hesi, akagonga mara moja. Kotapini ikatoka upesi mno.

"Umeona, Mwalimu?" aliniuliza. "Kabari iliyokaa haitoki kwa pigo moja."

Akaifuta kwa kitambaa na kuiweka kiganjani mwangu. Katika bapa lake palikuwa na ngazi, mkato wa waziwazi ambao ukucha ulikwama. Juu ya ngazi chuma kilikuwa kinang'aa, chini yake kilikuwa bado na rangi ya dukani. Yaani katika urefu wote wa bapa lile, ni kama theluthi moja tu iliyokuwa inagusa ekseli. Ile tani ya mzigo, badala ya kulala kwenye kitanda kizima, ilikuwa imekalia ukingo. Na chuma chenyewe kilikuwa laini. Mzee alipitisha tupa juu yake mara moja tu, ikala kama inakula sabuni.

Hapa nitoe lawama kidogo. Kotapini ile ilinunuliwa katika duka moja la mjini ambalo sina haja ya kulitaja, na wala si peke yake. Zinauzwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimepakwa rangi ya fedha zikapendeza, na bapa la moja halifanani na la mwenzake, kama zilichongwa na watu wawili waliogombana. Ukimwambia muuzaji, atakujibu kwamba ni kotapini za baiskeli na baiskeli unayo. Mtu anayelipia shilingi 1,000 hana nguvu ya kubishana. Mzee wa mkwajuni hununua dukani kama watu wote, ila huchukua tupa ndogo mfukoni na kuzijaribu mbele ya muuzaji. Inayotafunika huirudisha. Amekwisha kufukuzwa mara mbili.

Nikamwuliza kwa nini iwe ya kushoto kila mara. "Kushoto ndiko hulegea," alijibu, kwa namna ya mtu aliyeulizwa kwa nini usiku ni giza. Alikuwa amekwisha kuona mamia, na kwake hilo lilitosha. Kwangu halikutosha, nikakaa juu ya kigogo nikiitazama baiskeli iliyopinduliwa hadi nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi muda wote.

Gurudumu la meno linalovuta mnyororo limefungwa kwenye krenki ya kulia. Mguu wa kulia ukikanyaga, nguvu inatoka kwenye krenki na kuingia moja kwa moja kwenye meno. Ekseli haina habari. Lakini mguu wa kushoto ukikanyaga, nguvu yake haina njia nyingine ya kufika kwenye mnyororo isipokuwa kuvuka ekseli nzima: krenki ya kushoto inaibana kotapini yake, kotapini inaisokota ekseli, ekseli inaisokota kotapini ya kulia, ndipo meno yavutwe. Kotapini zote mbili, basi, zinafanya kazi ya mguu wa kushoto. Tofauti ni kwamba kule kulia msokoto unafika wakati mguu wa kulia haujakanyaga, na mguu wa kulia unapokanyaga hakuna msokoto. Zinapishana. Kule kushoto uzito wa mguu na msokoto vinafika kwa pamoja, katika kila mzunguko. Nilimweleza mzee. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Basi ndivyo ilivyo," akaendelea kutafuta tupa.

Likabaki jambo jingine, na hili lilitoka kwa kijana mwenyewe. Nilimwomba aonyeshe anavyosimama akiteremka mteremko bila kukanyaga. Akasimama mguu wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, kama wafanyavyo watu wengi. Katika hali hiyo mguu wa nyuma unaisukuma krenki irudi kinyumenyume, wakati katika kukanyaga ulikuwa ukiisukuma mbele. Kabari inabanwa huku, halafu inabanwa kule. Kabari iliyokaa vizuri haijali. Iliyokalia ukingo hufanywa kama jino bovu linalosukumwa na ulimi: mbele, nyuma, hadi ling'oke. Na mteremko wa kuingia mjini, wenye mashimo, aliupita kila siku na lita 40 nyuma yake.

Matengenezo yenyewe yalichukua karibu asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya nyundo. Mzee alichagua kotapini ngumu katika kopo lake, akawasha kibatari, akalipitisha bapa juu ya moshi hadi likawa jeusi kwa masizi. Akaisukuma ndani kwa mkono, akagonga kidogo, akaitoa. Pale palipogusa ekseli masizi yalifutika. Pengine pote palibaki peusi. Palifutika alama ndogo kama punje ya mchele, karibu na kichwa cha kotapini. Akaibana kwenye jiliwa, akapiga tupa mara nne pale palipong'aa, si zaidi, akalipitisha tena juu ya moshi. Alama ikawa punje mbili. Tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Mpwa wangu, aliyekuwa akitazama saa kwenye simu, aliacha kuitazama kama kwenye mara ya sita, akaanza kuinama kila kotapini ilipotoka ili aone alama imefika wapi. Mwishoni masizi yalifutika karibu bapa lote, kutoka juu hadi chini.

Halafu akachukua kipande cha bomba la chuma, akakisimamisha chini ya krenki juu ya jiwe, ncha ya kotapini ikiwa na nafasi ya kuingia ndani ya bomba. Jambo hili ni dogo lakini ni la lazima. Ukigonga kotapini wakati krenki inaning'inia, pigo linapita kwenye ekseli na kuishia kwenye goroli, nazo huchimba vijishimo ndani ya vikombe vyake. Unatengeneza kotapini na kuua kilichobaki. Bomba likiwapo, pigo linapita kwenye krenki hadi kwenye jiwe. Alipiga mapigo sita mazito, sauti ikibadilika kila pigo, kutoka sauti ya bati hadi sauti kama ya kengele. Nati aliikaza mwishoni, kwa spana fupi, bila kutumia bega.

Kabla ya hapo alihakikisha upande wa kuingilia. Krenki moja ikitazama mbele na nati yake ikawa juu, ile ya pili iliyo nyuma nati yake hutakiwa kuwa chini. Zikiingizwa kwa upande mmoja, pedeli hazilali katika mstari mmoja, na mpandaji huchechemea akiwa ameketi.

"Kesho uje," alimwambia kijana. "Na keshokutwa."

Mpwa wangu alinitazama. Nilijua anachofikiri: kwamba kazi iliyokamilika haihitaji kesho. Lakini kabari yoyote, ikishapata mzigo wa kweli, huzama kidogo zaidi, na hapo hulegea kwa unywele mmoja. Usipoipiga tena, unywele huo ndio mwanzo wa "ko". Alirudi kesho yake na maziwa mgongoni mwa baiskeli, mzee akaweka bomba, akapiga mapigo mawili, nati ikakubali robo mzunguko. Keshokutwa pigo moja, na nati haikusogea. Kwa siku hizo mbili hakutoza chochote. Nadhani ndiyo sababu mafundi wengine hawamwambii mteja arudi: hakuna anayelipa pigo moja la nyundo, na mteja anayerudi huonekana kama mteja anayelalamika.

Nisifiche kwamba ekseli nayo ilikuwa imeliwa. Mzee alinionyesha bapa lake, ukingo mmoja umeviringika kidogo, akasema kotapini itashika lakini ekseli ibadilishwe baada ya mavuno. Ilibadilishwa Julai 2023, kwa bei ambayo ilikuwa chini ya fedha za mkataba wa pikipiki za juma moja.

Watu huniambia kwamba baiskeli za mitumba kutoka Japani na Ulaya, ambazo sasa ni nyingi mjini, hazina ugonjwa huu kwa sababu hazina kotapini. Ni kweli hazina kotapini. Nyingi zina ekseli ya pembe nne iliyochongwa kwa kuteremka, na krenki ya aluminiamu hukandamizwa juu yake kwa bolti. Lakini hiyo nayo ni kabari, imebadilishwa umbo tu. Bolti isipokazwa ipasavyo, au ikilegea na mtu akaendelea kukanyaga, ekseli ya chuma cha pua huila aluminiamu na tundu la pembe nne huwa la mviringo. Hapo hakuna tupa wala masizi. Krenki ni ya kutupa, na ya kufanana nayo haipatikani. Kotapini ina hisani moja: kinachoharibika kwanza ni kile cha shilingi 1,000.

Mwenye hoteli alirudi kuchukua maziwa mwezi uliofuata. Shauri la pikipiki halikufa. Linaibuka kila mwaka wakati wa kiangazi, na mpwa wangu ana haki ya kulifikiria, kwa kuwa kilomita 28 kwa siku si chache kwa magoti ya mtu. Kwa sasa ana kopo lake mwenyewe la kotapini alizozijaribu kwa tupa, na kipande cha bomba alichokata kwa mwenye kuchomea vyuma. Umeme umefika nyumbani kwao, taa zinawaka hata zizini, lakini mkewe ameambiwa kile kibatari cha zamani asikitupe wala asikisafishe.